Msituletee Tisheti Tena

Shangazi yangu ana tisheti kumi na moja za afya. Nimezihesabu mwenyewe. Nne ni za kampeni za chanjo ya polio, mbili za kifua kikuu, moja inasema nawa mikono, moja ni ya uzazi salama, moja ya vyandarua, moja ya lishe ya watoto. Ya kumi na moja nitakuambia habari zake baadaye, maana hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Ile ya zamani kabisa sasa anapigia deki. Ukitaka kujua historia ya miradi ya afya iliyopitia hapa Chechelesi, usihangaike kutafuta ripoti Nairobi. Mwombe shangazi afungue sanduku.

Kitu ambacho hakimo kwenye hilo sanduku ni karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba katika hiyo miaka yote kuna mtu aliwahi kumwandika kazi. Alikuwa "wa kujitolea". Aliyekuja na gari alilipwa, dereva alilipwa, aliyechapisha tisheti alilipwa, na mwenye kujua nyumba gani ina mtoto ambaye hajachanjwa na nyumba gani mzee ameacha dawa, huyo ndiye wa kujitolea. Usinielewe vibaya, yeye mwenyewe halalamiki. Mimi ndiye ninalalamika kwa niaba yake, na amenikataza kutaja jina lake, kwa hivyo mtaridhika na "shangazi".

Sasa wasee, leo nataka tuongee kuhusu pesa za wakfu. Zile taasisi kubwa za hisani, za matajiri na za makampuni, ambazo siku hizi zote zinasema zinafadhili "juhudi za afya zinazoongozwa na jamii". Nimesoma hayo maneno mara nyingi mpaka nayasikia usingizini. Swali langu ni moja tu: anayeongoza ni nani? Kwa sababu vile ninaona mimi, mwenye kuamua pesa zitafanya nini ndiye anaongoza. Wengine wote ni wageni waalikwa, hata kama sherehe iko kwao.

Wacha nianze na kadi.

Disemba 2018 serikali ilizindua majaribio ya Afya kwa Wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Sisi hatukuchaguliwa kwa sababu ya uzuri wetu. Tulichaguliwa kwa sababu kaunti hii ina wafugaji wanaohamahama na imekuwa na vifo vingi vya kina mama wakati wa kujifungua. Nilikuwa shule ya msingi lakini nakumbuka foleni. Watu walijiandikisha, wakapewa kadi, na kwa muda ule ukienda hospitali ya serikali hulipi. Katika kaunti zote nne idadi ya watu waliokwenda hospitali ilipanda, jambo linalokuonyesha ni wangapi walikuwa wagonjwa nyumbani kimya kimya kwa sababu ya pesa.

Halafu majaribio yakaisha. Kadi ya nyanya bado iko kabatini, ndani ya karatasi ya plastiki, haijakunjika. Akiulizwa anasema "serikali huwa inarudi".

Baada ya hapo ndipo kina mama wa mtaa wetu walipoanza chama. Walikuwa kumi na wanne. Kila Jumapili jioni kila mmoja anatoa finje, shilingi hamsini. Si chama cha kununuliana sufuria. Ni cha hospitali. Mtu akishikwa na uchungu saa nane usiku, pesa ya boda ipo na jamaa wa boda anajulikana kwa jina na simu yake haizimwi. Mtoto akiandikiwa dawa ambayo haipatikani pale dirishani, pesa ya kuinunua nje ipo. Mama akilazwa, kuna zamu ya kupika kwake. Kila kitu kimeandikwa kwenye daftari la mraba, lile la hesabu, na mwandishi ni mama mmoja anayeuza mboga ambaye hesabu yake hata mimi na simu yangu hatumfikii.

Piga hesabu. Kumi na wanne mara hamsini ni 700 kwa wiki. Kwa mwaka ni 36,400. Na kwa hizo pesa, katika miaka hii yote, hakuna mama hata mmoja wa hicho chama aliyejifungulia njiani kwa kukosa nauli. Wao hawaiti hiyo "usawa wa afya". Wanaiita "kitu chetu cha Jumapili".

Lakini ndiyo usawa wenyewe. Watu wengi wanafikiri usawa ni kila mtu apewe kitu kimoja. Kaunti yetu ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 25,000 na kwa sensa ya 2019 tulikuwa watu 268,002. Ukiweka hospitali nzuri hapa mjini na useme ni bure kwa wote, mimi wa Chechelesi naenda kwa miguu. Mtu wa Sericho au Merti hiyo "bure" inamgharimu siku nzima barabarani, na nauli ambayo labda ni mbuzi. Hata hapa hapa mtaani, bure ya saa nne asubuhi si bure ya saa nane usiku. Kina mama waligundua kwamba kinachowatenganisha na daktari si daktari, ni boda. Hakuna mtaalamu aliyekuja kuwaambia. Walijua kwa sababu wao ndio walikuwa wanakwama.

Sasa tuje kwa tisheti ya kumi na moja.

Mwaka jana tukasikia kuna taasisi ya hisani imetoa pesa kwa vikundi vya mashinani vya afya. Tangazo lilikuwa tamu. Lilisema wanataka "suluhisho kutoka kwa jamii". Nikamwambia shangazi, hii ni yenu. Nikaazima laptopu, nikanunua bando, nikakaa chini nijaze fomu kwa niaba ya kitu chetu cha Jumapili.

Fomu ilikuwa kurasa ishirini na tatu, zote Kiingereza. Waliuliza hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Waliuliza majina ya wanabodi na wasifu wao. Waliuliza "nadharia ya mabadiliko", nikakaa nayo siku mbili, mwishowe nikaandika kwamba mama akipata boda anafika hospitali. Halafu wakauliza sera ya kikundi kuhusu matumizi ya magari. Magari! Chama hakina hata baiskeli. Nilimsomea shangazi hilo swali akacheka mpaka akaketi.

Hatukupata, na sikushangaa. Kilichoniuma ni kilichofuata. Pesa zilienda kwa shirika lenye ofisi Nairobi, na miezi michache baadaye hilo shirika likaja Isiolo kufanya warsha ya siku moja. Walioalikwa ni nani? Kina mama wa Chechelesi. Mada ilikuwa nini? Jinsi ya kuhamasisha jamii kuhusu afya ya mama na mtoto. Waliketi kwenye ukumbi wa hoteli kuanzia asubuhi, wakafundishwa kwa picha za ukutani kitu wanachokifanya kila Jumapili, wakala pilau, wakapewa nauli, wakapewa tisheti.

Na mimi nilikuwepo. Hii sehemu sikutaka kuiandika lakini ikibaki nje itakuwa nimewadanganya. Mimi ndiye niliitwa kupiga video. Dakika mbili, kina mama wakitabasamu, muziki chini, nembo mwishoni. Nililipwa ngiri sita kwa nusu siku na nikazikula. Ngiri sita ni karibu wiki tisa za chama chote. Na ni zaidi ya posho ya mwezi mzima ya shangazi, ambaye tangu Septemba 2023 ni mmoja wa wale wahamasishaji wa afya ya jamii laki moja waliozinduliwa pale Uhuru Park na mikoba yao. Posho yao imewekwa kuwa 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na kila mmoja anahudumia takriban nyumba mia moja. Gawanya: shilingi hamsini kwa kila nyumba kwa mwezi. Finje ile ile.

Kwa hivyo nikisema mfumo umepinda, sisemi nikiwa nimesimama nje. Nimeuona kutoka upande wa kamera.

Umepinda vipi? Ni rahisi tu. Pesa hutoka kwa tajiri mahali fulani, zinaingia kwa wakfu, wakfu unalipa shirika la kimataifa, shirika la kimataifa linalipa shirika la Nairobi, la Nairobi linafungua kiofisi mji wa kaunti, kiofisi kinatafuta "mshirika wa mashinani", na huyo mshirika anamtafuta shangazi. Kila kituo kina kodi ya nyumba, gari, na mtu wa kuandika ripoti ya kituo kilichotangulia. Sisemi hao watu ni wezi. Wengi wanafanya kazi kwa bidii. Lakini mto ukinywewa na kila kijiji njiani, usishangae ukifika kwenu ni mchanga. Sisi watu wa Ewaso Nyiro hilo hatuhitaji kuelezwa.

Na wakubwa wanajua. Mwaka wa 2016 kule Istanbul, serikali za wafadhili na mashirika makubwa ya misaada ya dharura waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya pesa hizo itawafikia wenyeji moja kwa moja, au karibu na hapo iwezekanavyo. 2020 ikafika, ikapita, hawakukaribia. Mwaka wa 2021 shirika la misaada la Marekani, USAID, likaahidi robo hiyo hiyo ndani ya miaka minne. Likafika kama asilimia kumi hivi na kukwama. Halafu Januari 2025 rais mpya akasimamisha misaada kwa sahihi moja, na kufikia Julai mosi USAID yenyewe ikafungwa. Maelfu ya wahudumu wa afya Kenya waliokuwa wakilipwa kupitia hiyo misaada waliambiwa warudi nyumbani. Ndio siku hizi unasikia kila mtu anageukia taasisi za hisani kama maji ya mwisho kisimani.

Na hizo taasisi zina pesa kweli. Mei 2025 Bill Gates alisema wakfu wake utatumia dola bilioni 200 katika miaka ishirini na kufunga milango mwisho wa 2045. Nitakuwa karibu miaka arobaini. Ni pesa nyingi kuliko akili yangu inavyoweza kubeba, na sitaki kujifanya hazijaokoa watu. Chanjo nyingi ambazo watoto wa huku wamechomwa zina mkono wa hizo pesa. Lakini hakuna mtu Isiolo aliyempigia Bill Gates kura. MCA akituudhi tunamngoja 2027. Wakfu ukituudhi tunangoja nini?

Hapa lugha yetu ina kitu cha kuwafundisha. Neno wakfu sisi tulikuwa nalo kabla ya haya makampuni. Muulize mzee yeyote wa msikiti hapa mjini. Mtu ana duka au kiwanja, anakiweka wakfu, na kuanzia siku hiyo si mali yake tena. Kodi ya lile duka inakwenda kwa msikiti au kwa mayatima mwaka baada ya mwaka, na yeye hawezi kurudi kesho kusema nimebadilisha mawazo, mwaka huu napendelea kitu kingine. Ndiyo maana ya neno: umeachilia. Sasa hizi taasisi za leo tumezipa jina hilo hilo, lakini nyingi hazijaachilia. Zinakupa pesa za miezi kumi na miwili, zimekushikilia kamba, na mwezi wa kumi na tatu unapata barua kwamba vipaumbele vimebadilika. Ugonjwa wa kisukari wa nyanya haujabadilisha kipaumbele, lakini haya.

Kuna wanaojaribu kuachilia. MacKenzie Scott, yule aliyekuwa mke wa mwenye Amazon, tangu 2019 amegawa mabilioni ya dola kwa mashirika zaidi ya 2,000, na kawaida yake ni kutoa bila kuwapangia watumie vipi. Watu walidhani pesa zitapotea. Dunia haijaanguka. Hapa nyumbani kuna KCDF, iliyoanzishwa 1997, wakfu wa Kenya ambao msimamo wake ni kwamba jamii ichange chake kwanza, iongezewe, na ijifunze kuweka mfuko wake wenyewe wa kudumu badala ya kungoja mradi.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko Migori, kijiji cha Lwala. Ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', walipata nafasi ya kusoma Marekani. Milton hakuwa na nauli ya ndege, kwa hivyo kijiji kikauza kuku, kikauza ng'ombe, kikamnunulia tiketi. Wakamtuma, lakini si bure: walitaka asiwasahau. Baba yao alikuwa na ndoto ya zahanati pale kijijini. Wazazi wote wawili walifariki kwa ukimwi kabla haijafunguliwa. Mwaka wa 2007, vijana wakiwa bado wanasomea udaktari, zahanati ikafunguliwa. Pesa za wafadhili zilikuja, nyingi tu baadaye, lakini zilikuta jamii imeshaketi kwenye kiti cha mbele. Na wale wakunga wa jadi, badala ya kufukuzwa au kupewa tisheti, walifunzwa na wakaajiriwa wafanye kazi ya afya ya jamii pamoja na wengine. Waliajiriwa, sio walijitolea. Kumbuka hilo neno.

Na kama unadhani hayo ni ya huko Nyanza tu, rudi hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Isiolo ilikuwa ya kwanza Kenya kujaribu mfuko wa tabianchi ambao kamati za wadi ndizo zinaamua. Pesa zilitoka kwa serikali ya Uingereza, si kwa wakfu, lakini nisikilize kwanza. Watu wa wadi walichagua kamati yao wenyewe, hadharani, mtu anasimama na wenzake wanamjadili tabia. Kisha kamati ikauliza: ukame ukija, nini kinatuua? Wazee hawakuomba semina. Waliomba visima na mabwawa yatengenezwe, na waliomba dedha ipewe nguvu, yaani ule utaratibu wa Waborana wa kale wa kuamua nani analisha wapi na lini. Mtaalamu wa mbali angeona hiyo ni siasa za kale. Wao walijua kisima bila mwenye kukilinda ni bomba la kutu. Mpango huo ukaenda Wajir, Garissa, Kitui na Makueni, na leo uko ndani ya mpango wa kitaifa unaoitwa FLLoCA.

Utasema hiyo ni maji na malisho, afya iko wapi? Maji ndiyo afya. Tulipokosa mvua misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, kilichojaza wodi za watoto si ugonjwa mpya. Ilikuwa njaa na maji machafu. Ukimpa mama wa Merti uwezo wa kuamua kuhusu kisima, umempa zahanati kabla ya zahanati.

Najua mnachotaka kusema. "Mkipewa hizo pesa mtazila." Sawa, tuiongee bila aibu. Ndiyo, tumewahi kuzila. Kila mtu wa umri wa mamangu anakumbuka vikundi vya mkobani vya enzi za pesa za ukimwi, mwenyekiti ni baba, katibu ni mama, mweka hazina ni shemeji, na ofisi ni mkoba. Mimi mwenyewe nimekuwa kwenye kikundi cha vijana ambacho mweka hazina alihamia mji mwingine na hazina ikahamia naye. Tukikataa hilo hakuna atakayetuamini.

Lakini angalia vile chama cha Jumapili kinajilinda. Kila wiki daftari linasomwa kwa sauti, mbele ya wote: nani ametoa, nani hajatoa, nani alipewa na alipewa kwa nini. Ukichelewa unatozwa faini. Ukidanganya, uso wako unajulikana, mlango wako unajulikana, na kesho asubuhi mtakutana kwa mfereji. Hakuna mkaguzi wa hesabu wa Nairobi mwenye nguvu ya mfereji. Sasa niambie, ile ripoti ya warsha, yenye picha zangu ndani, nani wa Chechelesi ameisoma? Nani hapa anajua warsha iligharimu ngapi? Mimi sijui, na nilikuwa ndani ya ukumbi na kamera. Tukizungumza uwazi, tuulizane wote.

Na hawa kina mama wa Isiolo si wageni wa pesa. Wale wa ushirika wa Anolei wanakusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka Nairobi mpaka Eastleigh, bidhaa inayoharibika kwa joto, na hesabu inatoka. Mtu anayeweza kusimamia maziwa kwenye jua la Isiolo anaweza kusimamia laki mbili za nauli ya boda.

Kuna hatari moja lakini, na hii naisema kwa wenzangu wanaopenda sana wafadhili. Wakfu usifanywe serikali. Katiba, kifungu cha 43, inasema afya ni haki yako, na kwamba hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Haijasema "akipatikana mfadhili". Mshahara wa muuguzi ni deni la serikali. Dawa dirishani ni deni la serikali. Hii SHA iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024 tunaichangia, aliyeandikwa kazi anakatwa asilimia 2.75, kwa hivyo tukiidai huduma hatuombi msaada. Nikiona taasisi inajenga jengo zuri la afya, linakatwa utepe, halafu hakuna aliyeuliza nani atalipa mtu wa kulifungua asubuhi, mimi huona ni jiwe la kumbukumbu tu. Na chama cha Jumapili nacho, kwa vile ninakisifu, kisitumiwe kama kisingizio. Hao kina mama hawakupaswa kununua dawa kwa finje zao hata siku moja. Walifanya kwa sababu mtu mwingine hakufanya.

Kwa hivyo kazi ya pesa za hisani ni ipi? Kwa maoni yangu ni ile kazi ndogo isiyo na picha. Nauli ya usiku. Kredo ya shangazi ya kupigia nyumba mia moja. Kumlipa mwandishi wa daftari kwa saa zake. Kumlipia mama nauli ya kwenda bunge la kaunti siku bajeti ya afya inajadiliwa, ili akae pale na daftari lake aulize kwa nini. Hiyo ya mwisho najua haiwafurahishi watu, lakini ndiyo ingefanya tofauti kubwa kuliko zote, kwa sababu ingesukuma zile pesa nyingi za umma, ambazo hakuna wakfu unaozifikia hapa kwetu. Na iwe ya miaka mitano, si miezi kumi na miwili. Chama hiki kimeishi kuliko kila mradi uliowahi kukipiga picha.

Na hiyo fomu, wapunguze. Ukurasa mmoja, Kiswahili, na nafasi ya kuambatisha picha ya daftari. Kama wanataka kujua ukweli, waje Jumapili saa kumi na moja, waketi kwenye mkeka, wasikilize daftari likisomwa. Wasije na benchi la wageni mashuhuri.

Sisi pia tuna yetu ya kufanya. Kuna sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka wa 2022. Ukiwa na watu kumi, katiba yenu fupi na kumbukumbu za mkutano, unaenda ofisi ya maendeleo ya jamii mnasajiliwa. Vijana wenye laptopu na bando, hii ndiyo kazi yetu, tuache kungoja kuitwa kupiga video. Mimi nimeanza. Kina mama sasa ni kumi na saba, na Jumapili iliyopita tulikaa kuandika katiba ya kikundi. Ilibishaniwa kwa saa nzima kama faini ya kuchelewa iwe kumi au ishirini. Ishirini ikashinda.

Nilipofika sehemu ya jina nikawauliza kikundi kiitweje. Nilikuwa nimewaandalia majina mazuri, ya matumaini na mwangaza na nini. Shangazi, akiwa amevaa ile tisheti ya kumi na moja huku anachambua mchele, akasema waandike "Kitu Chetu cha Jumapili", na kama ofisi italikataa wataenda wote kumi na saba kuuliza sababu.